Jibu: Tumetalikiana, lakini bado ananitisha

Salaam, dada. Nimeelewa kwamba talaka imekamilika, kwamba mtalaka wako bado anakuja langoni usiku na kukutumia jumbe za vitisho, na kwamba askari kituoni alikwambia hayo si mambo ya nyumbani tena kwa kuwa hamko katika ndoa. Hapo hakukuelekeza sawa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya dhuluma za nyumbani inawahusu pia waliowahi kuoana, na inahesabu kufuatwafuatwa na kutishwa kuwa dhuluma, hata kama hujapigwa.

Kwanza hakikisha malalamiko yako yaliandikwa katika kitabu cha matukio cha kituo cha polisi (OB). Kama hukupewa nambari ya OB, rudi uidai. Katika kazi yangu ya usaidizi wa kisheria nimeona nambari hiyo ikimfaa mlalamishi kuliko maelezo marefu. Jumbe usizifute, na unapozipiga picha, nambari yake na tarehe zionekane.

Kisha nenda kwa karani wa mahakama ya hakimu, uombe amri ya ulinzi, yaani amri ya mahakama ya kumkataza kukusumbua, ukiambatanisha hati ya kiapo, yaani maelezo yako ya maandishi uliyoapa kuwa ni ya kweli. Ukionyesha kwamba kuchelewa kutakuhatarisha, hakimu anaweza kutoa amri ya muda kabla huyo bwana hajasikizwa. Akiikiuka, anaweza kutozwa faini au kufungwa. Nakala ya amri hiyo ikae mkobani, maana askari wa zamu ya usiku hataijua kesi yako.

Suala la malezi ya watoto sijawahi kulishughulikia. Ukihitaji msaada wa haraka, piga 1195, nambari ya simu ya kuwasaidia waathiriwa wa dhuluma za kijinsia.