Windows 11 imeikataa kompyuta yangu: je, gemu zangu zitahamia Linux?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Kompyuta yangu ina prosesa ya Core i5 ya kizazi cha 7, RAM ya GB 16 na kadi ya picha ya GTX 1060. Windows 11 imeikataa. Nacheza Witcher 3, Counter-Strike 2, GTA V, na kila Jumamosi usiku Valorant na wenzangu. Jamaa mmoja anasema siku hizi Linux, ule mfumo huria wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, inacheza kila kitu. Wa pili anasema Linux ni ya seva tu. Wa tatu anasema hata huko kumeingia siasa, wamefukuza Warusi. Nihame au nivumilie?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Jamaa zako wote watatu wana ukweli kidogo kidogo, ndiyo maana wamekuchanganya. Gemu zako ni nne na majibu ni matatu. Witcher 3 na Counter-Strike 2 zitahama bila kinyongo; hiyo ya pili ina toleo lake kabisa la Linux. GTA V itahama nusu: kisa cha kucheza peke yako kitakwenda, ya mtandaoni haiendi. Valorant haihami, na usikeshe ukitafuta ujanja. Kwa hiyo weka Linux kwenye diski yake, Windows uiachie diski yake, na uwe unaiwasha Jumamosi usiku tu.

Kompyuta yako haina ugonjwa wowote. Windows 11 inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8 pamoja na TPM 2.0, kifaa kidogo cha kutunzia funguo za siri. Yako ilizaliwa mapema mno, basi. Cha kukuhangaisha ni tarehe: masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Microsoft wametoa nyongeza ya masasisho ya usalama, kwa anayejiandikisha, hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Jiandikishe. Nyongeza hiyo itakupa nafasi ya kuhama taratibu. Anayehama kwa hasira huwa namwona karudi baada ya wiki moja, akiapa kwamba Linux haifai.

Sasa, gemu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows inachezaje pasipo na Windows? Wengi hudhani kuna Windows ndogo imefichwa ndani. Hakuna. Gemu ikitaka kufungua faili au kujua umebonyeza nini, huomba kwa maneno ya Windows. Wine, mradi ulioanza mwaka 1993, hukaa mlangoni, hulipokea ombi na kulitekeleza kwa njia za Linux. Gemu inapata ilichoomba, haijui imehudumiwa na nani. Kilichokuwa kigumu kwa miaka mingi ni picha, kwa sababu gemu za Windows huchora kwa Direct3D, na Linux haina kitu hicho. Mwandishi programu mmoja, Philip Rebohle, alikuwa na hamu ya kucheza Nier: Automata kwenye Linux. Akaishia kuandika DXVK, programu inayozigeuza amri za Direct3D kuwa za Vulkan, lugha ya kuchorea ambayo kadi za picha zinaielewa kwenye Linux. Valve, wenye duka la gemu la Steam, wakaanza kumlipa kwa kazi hiyo, wakaiunganisha na Wine, na Agosti 2018 wakatoa Proton. Hiyo ndiyo injini ya maneno yote unayoyasikia leo kuhusu gemu kwenye Linux.

Valve hawakuifanya kazi hii kwa huruma. Mwaka 2012 bosi wao, Gabe Newell, aliiita Windows 8 janga kwa kila aliye kwenye biashara ya kompyuta, na ukiangalia, ndiyo Windows iliyokuja na duka la Microsoft lenyewe. Mwenye duka akiona mwenye jengo anafungua duka chini yake, lazima atafute kiwanja. Jaribio lao la kwanza, mashine za Steam za mwaka 2015, lilianguka, maana walisubiri watengenezaji waziandike gemu zao upya kwa Linux, na wengi hawakujisumbua. Proton ilifuta haja ya kusubiri. Steam Deck ya mwaka 2022, kile kifaa cha mkononi, kinaendeshwa na Linux, na wengi wanaokishika hata hawajui.

Kwa kadi yako kuna mambo mawili ambayo hakuna atakayekuambia hadi uumie. La kwanza: GTX 1060 ni ya ukoo wa Pascal, na NVIDIA, waliounda kadi hiyo, walitangaza kwamba draiva (programu za kuiendesha kadi) za mfululizo wa 580 ndizo za mwisho kuutambua ukoo huo. Linux huja kwa matoleo mengi; chagua lisilokimbilia vitu vipya kila wiki, litakalokuacha ubaki na 580; Linux Mint inatosha. Draiva iombe kupitia programu ya Mint ya kusimamia draiva, usiende kuipakua kwenye tovuti ya NVIDIA kama ulivyozoea. La pili: kadi za Pascal husuasua zinapotafsiriwa Direct3D 12. Witcher 3 ikikuuliza unataka toleo gani, chagua Direct3D 11. Utapoteza madoido machache ya mwanga ambayo kadi hiyo isingeyaweza hata hivyo.

Tuje kwenye Valorant, maana najua ndiyo iliyokufanya uandike.

Kila mfumo una kiini, keneli kwa lugha ya kazini, kinachoshika kumbukumbu, diski, kadi ya picha, kila kitu. Programu za kawaida hukaa nje na kuomba. Wanaochiti walianzia nje: kijiprogramu kinachungulia kumbukumbu ya gemu na kujua adui amejificha nyuma ya ukuta upi. Walipoanza kukamatwa wakahamia ndani ya keneli, ambako aliye nje hawaoni. Riot, wenye Valorant, wakawafuata. Vanguard, mlinzi wao aliyekuja na gemu hiyo mwaka 2020, huingia kwenye keneli ya Windows kuanzia kompyuta inapowaka, hata siku ambayo huna mpango wa kucheza. Proton inatafsiri maombi ya programu za nje tu. Keneli ya Windows haipo pale, kwa hiyo Vanguard haina pa kuingia.

Riot wana hoja, na nisingependa uwaone kama wahuni. Kwenye Linux mtumiaji ana haki ya kuifungua keneli, kuibadilisha na kuiunda upya mwenyewe. Mlinzi atayaamini vipi macho yake ikiwa mwenye nyumba anaweza kumbadilishia macho? Hilo ni swali gumu kweli, na sijaona mtu aliyelijibu vizuri.

Ila hoja hiyo imegeuzwa mwavuli wa kila mtu. Walinzi wawili wanaotumiwa na gemu nyingi sana, Easy Anti-Cheat na BattlEye, wanaweza kufanya kazi chini ya Proton tangu mwaka 2021, mradi mwenye gemu aruhusu. Ni suala la ruhusa. GTA ya mtandaoni iliwekewa BattlEye Septemba 2024 na wenye gemu hawakuruhusu, ikafa kwenye Linux siku hiyo hiyo. Apex Legends ilikuwa ikichezeka vizuri tu hadi mwisho wa Oktoba 2024, EA, wenye gemu hiyo, walipoufunga mlango wakisema Linux imekuwa kichaka cha wanaochiti. Huenda ni kweli. Lakini kwenye takwimu za Steam, watumiaji wa Linux walivuka asilimia 3 kwa mara ya kwanza mwaka 2025. Kundi dogo kiasi hicho ni rahisi kulifukuza kuliko kulilinda. Kwa hiyo jamaa akikuambia gemu fulani "haiwezi" kucheza kwenye Linux, muulize: haiwezi, au imekatazwa?

Mimi mwenyewe siweki mlinzi wa keneli kwenye kompyuta ninayofanyia kazi za watu. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja bovu la CrowdStrike, programu ya usalama inayokaa humo humo kwenye keneli, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5. Na mwaka 2022 wahalifu walikutwa wakitumia draiva ya kuzuia kuchiti ya Genshin Impact kuzimia programu za kuzuia virusi, kwenye mashine za watu ambao hata gemu hiyo hawakuwa nayo. Lakini mimi sina wenzangu wa Jumamosi usiku, na sitakuambia uwaache wako kwa sababu ya keneli. Wakati wa kusakinisha Linux, tia tiki kwenye kisanduku cha kusimba diski. Vanguard ikiwa macho upande wa Windows, diski ya pili itaiona kama kelele tupu.

Kuna kosa nataka nikuepushe nalo, kwa sababu mimi lilinila wikiendi nzima. Nilikuwa na GB 300 za gemu kwenye diski ya Windows, nikajisemea: za nini kuzipakua upya? Nikaielekeza Steam ya Linux kwenye diski ile ile. Zikaonekana zote. Nikabonyeza kitufe cha kucheza, kikageuka kuwa cha kusimamisha, na baada ya sekunde tatu kikarudi kuwa cha kucheza. Hakuna onyo, hakuna dirisha, hakuna kitu. Nikabadilisha draiva mara mbili, nikabadilisha matoleo ya Proton, nikalaumu kadi. Kumbe Proton humtengenezea kila mchezaji... samahani, kila gemu, kabati lake la Windows bandia, na ndani yake huweka viungo vyenye majina kama "c:" na "z:". Nukta mbili kwenye jina la faili ni mwiko kwa Windows, na ile diski ilikuwa imepangwa Kiwindows. Ukichanganya na tabia ya Windows ya kuzima kwa usingizi na kuiacha diski imefungwa, unapata kimya kile. Nilizinakili gemu kwenye diski iliyopangwa kwa ext4, mpangilio wa Linux, zikawaka zote. Kwa hiyo nakili, usishirikishe.

Na huyo wa siasa? Jambo analolisema lilitokea. Oktoba 2024 majina kama kumi na moja hivi, ya watu waliohusishwa na Urusi, yaliondolewa kwenye orodha ya wasimamizi wa keneli ya Linux, kwa maelezo mafupi mno kuhusu matakwa ya kisheria. Nyuma yake vilikuwa vikwazo vya kiuchumi. Kwa maoni yangu lilifanywa vibaya. Watu waliojitolea miaka mingi walistahili maelezo kabla ya majina yao kufutwa. Anayekuambia kuwa programu huria zinaelea juu ya sheria za nchi anajidanganya: wasimamizi wanaishi mahali, na taasisi inayowalipa baadhi yao imesajiliwa Marekani.

Lakini angalia kilichobaki. Msimbo walioandika haukufutwa, na Linux iko chini ya leseni ya GPL tangu mwaka 1992, kwa hiyo yeyote, Mrusi akiwemo, anaweza kuichukua, kuibadilisha na kuiendesha bila kumpigia mtu magoti. Linganisha na The Crew, gemu ya magari ambayo Ubisoft walizima seva zake tarehe 31 Machi 2024, na waliolipa pesa zao wakabaki na picha ya jalada. Steam nao si malaika: tangu mwaka 2024 ukienda kulipa wanakuandikia kwamba unachonunua ni leseni. Ukihamia Linux utakuwa mwenye nyumba, lakini gemu zilizomo bado ni za kupanga, na Valve ndiye dalali. Mimi naishi hivyo na nalala usingizi. Wapo wanaoona ni unafiki.

Usiku wa kwanza usisakinishe chochote. Iandike Mint kwenye fleshi, washa kompyuta kutokea humo, usikie kama sauti inatoka na Wi-Fi inakamata. Ukisharidhika, zima, chomoa waya wa diski ya Windows kabisa, ndipo usakinishe kwenye hiyo nyingine. Huwezi kufuta kwa bahati mbaya diski ambayo haijaunganishwa. Ukikutana na gemu inayokataa, ibofye kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake, nenda sehemu iliyoandikwa Compatibility na ujaribu toleo jingine la Proton. Utaingia kwenye majukwaa kuuliza na utakuta wa kukucheka kwa kutoijua teminali, dirisha la kuandikia amri. Wapite, wa kusaidia wapo chini yao. Ila teminali ikikuambia jambo, lisome. Mwaka 2021 Linus Sebastian wa chaneli ya YouTube ya Linus Tech Tips alikuwa anasakinisha Steam mbele ya kamera, mfumo ukamwonya kwamba anakaribia kufuta vitu vya msingi, na kama ana uhakika aandike sentensi nzima ya "ndiyo, fanya ninavyosema". Akaiandika. Mfumo ukafanya alivyosema, na alipowasha tena hakukuwa na dirisha hata moja, maandishi meupe tu kwenye skrini nyeusi.