Kutembea Baada ya Chakula cha Jioni: Nilivyoanza Kuishi na Kisukari

Siku nilipoambiwa kwamba nina kisukari cha aina ya pili, nilitoka kliniki na vidonge pamoja na agizo moja la mdomo: nibadilishe mtindo wa maisha. Kwa kuwa sikuelezwa pa kuanzia, nilianza yote kwa pamoja. Niliacha wanga, nikawa naamka alfajiri kukimbia, nikaapa kutogusa tena kitu kitamu. Wiki ya tatu ilinikuta nimechoka, nina njaa, na nimerejea katika mazoea yangu yote ya zamani.

Daktari wa pili, aliyejifunza tiba ya mtindo wa maisha, aliniuliza kwanza siku yangu inavyokwenda tangu ninapoamka hadi ninapolala. Alipogundua kwamba mlo wangu mkubwa ni wa jioni na kwamba baada yake hukaa kitini mpaka usingizi unichukue, aliniomba jambo moja tu: nitembee dakika 15 mara baada ya kula. Alinieleza kwamba misuli inapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata kwa mtu ambaye insulini yake, yaani homoni inayosaidia sukari kutoka kwenye damu na kuingia mwilini, haifanyi kazi ipasavyo. Nilijipima saa mbili baada ya mlo, siku niliyotembea na siku niliyokaa, nikaiona tofauti kwa macho yangu. Tangu hapo sikuhitaji kuhimizwa na mtu.

Tiba ya mtindo wa maisha husimama juu ya nguzo sita: chakula, mwendo wa mwili, usingizi, kudhibiti msongo wa mawazo, kuepuka tumbaku na pombe, na mahusiano mema na watu. Kwa maoni yangu usingizi ndio unaodharauliwa kuliko zote, ingawa kulala saa chache hupunguza uwezo wa mwili kuitikia insulini na huongeza hamu ya kula.

Uzito wa mambo haya unaonekana katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, uliowahusisha watu 3,234 waliokuwa katika hatari ya kupata kisukari. Waliosaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari hiyo kwa asilimia 58, na waliotumia metformini, dawa ya vidonge ya kisukari, kwa asilimia 31. Hata hivyo, hao walikuwa hawajaugua bado, kwa hiyo mgonjwa asiuchukulie utafiti huo kuwa ruhusa ya kuacha dawa.

Hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini, hasa anayetumia insulini au dawa zinazoichochea kongosho kuitoa. Jioni moja, baada ya kupunguza chakula bila kumwarifu daktari, nilianza kutetemeka, jasho likanitoka na moyo ukaenda mbio, kwa sababu sukari ilikuwa imeshuka mno. Dozi yangu ilikuwa bado ile iliyopangiwa mlo wa zamani. Ukibadilisha chakula au mazoezi, mwambie daktari kabla, ili dawa nayo irekebishwe.

Usijihukumu kwa wiki mbili. Kipimo cha HbA1c huonyesha wastani wa sukari wa takribani miezi mitatu, na mimi niliutumia muda huo wote kwa zoea moja. Matembezi ya jioni yalipokuwa sehemu ya siku yangu, ndipo nilipoanza kushughulikia saa yangu ya kulala.