Wakorea wakijiona kwenye TV za watu

Maswali kuhusu Wakorea wanavyoonyeshwa kwenye filamu na tamthilia za nje yamejaa inbox, najibu manne leo.

Eti Wakorea waliichukia Lost, ile tamthilia ya Marekani?
Kuchukia wapi, walicheka. Ilianza 2004, Daniel Dae Kim akacheza Jin, mtoto wa mvuvi asiyejua Kiingereza hata neno, sasa mwenyewe kazaliwa Busan, Korea Kusini, ila kakulia Marekani, akifungua mdomo Kikorea kinatoka na lafudhi ya ng'ambo, watu wa Seoul mbavu hawana. Na hiyo Seoul ya kwenye tamthilia walishutia Hawaii! Kuna kidaraja wakaambiwa ndo cha mto Han, wakati Han pale mjini una upana kama kilomita moja hivi. Hapo ndo utani ulipokolea.

Na Lupita wetu je?
Hahaha. Kwenye Black Panther ya 2018 kaongea Kikorea pale Busan na wengi wakasema hawajaambulia kitu. Hakuna aliyenuna lakini, maana mitaa ilikuwa yao kweli, mpaka soko la samaki la Jagalchi wakaliona. Sisi wenyewe tukisikia Kiswahili cha Hollywood si tunacheka hivyo hivyo?

Ipi iliwaudhi kabisa?
Die Another Day, ile James Bond ya 2002. Hiyo walitaka isusiwe. Nchi inatengeneza magari na simu, wao wanaonyesha mkulima na ng'ombe wake, Mmarekani ndo anaamrisha jeshi la Korea Kusini, halafu mapenzi ndani ya hekalu la Kibudha, we acha tu.

Mbona KPop Demon Hunters, ile katuni ya wasichana waimbaji wanaowinda mashetani, wameipenda na imetengenezwa na Wamarekani?
Maggie Kang, mmoja wa waongozaji, kazaliwa Seoul kakulia Kanada, kwa hiyo usiseme kukulia nje ndo tatizo, yeye vitu vidogo kavijua. Wale wasichana wakikaa kula wanatandika tishu kwanza ndo waweke kijiko na vijiti juu yake, Mkorea akiona hivyo anajua huyu kakaa mezani na sisi. Yule chui milia na ndege wake nao wametoka kwenye michoro ya zamani ya kwao, na ilipotoka Juni 2025 watu wakamiminika Makumbusho ya Taifa pale Seoul kutafuta beji za chui na ndege, zikaisha, zikaletwa, zikaisha tena.