Maswali ya Wasomaji: Mti Mrefu, Fremu Fupi

Safari hii maswali yaliyotufikia yanahusu miti ya nchi za joto: namna ya kuiona vizuri ukiwa safarini, na namna ya kuipiga picha isiyokufanya ujute ukirudi.

Nikipiga picha msufi au mvule mrefu kwa simu, shina linatoka limelalia nyuma na kilele kinakuwa kidogo mno. Nikitumia lenzi pana ndiyo kabisa. Kosa liko wapi?

Kosa liko mkononi. Ukiielekeza simu kileleni haiwi tena sambamba na shina, ndiyo maana pande mbili za shina zinataka kukutana juu na mti unaonekana unaanguka kinyumenyume. Lenzi pana huzidisha balaa, kwa sababu hunenepesha kitako kilicho karibu na kuvuta vilivyo pembeni.

Simamisha simu wima kabisa, washa mistari ya gridi ikuongoze, kisha rudi nyuma hadi kilele kiingie. Kwa lenzi kuu ya simu nyingi, ukiwa umeishika kwa urefu, utahitaji umbali wa kama mara moja na nusu ya kimo cha mti: mti wa mita 30 unataka mita 40 hadi 45. Ukivuta picha mara mbili (2x), umbali unakaribia mara tatu ya kimo, lakini mti unatoka na umbo lake halisi na milima au miti ya nyuma inasogea karibu. Nusu ya chini ya picha itajaa ardhi. Usihangaike nayo, utaikata baadaye.

Msituni nafasi ya kurudi nyuma mita 45 haipo. Tafuta ng'ambo ya mto, ukingo wa barabara, au mteremko unaokuweka usawa wa katikati ya shina. Ukiwa hapo huna haja ya kuinua simu hata kidogo. Vikikosekana vyote hivyo, achana na mti mzima. Piga mizizi mipana iliyosimama kitakoni mwa msufi, ukiwa umechuchumaa, mwanga ukitokea ubavuni. Picha hiyo ina nguvu kuliko mti mzima uliobanwa kwenye fremu. Au lala chali shinani na upige juu moja kwa moja, shina likianzia pembeni mwa fremu. Huko Kepong, nje ya Kuala Lumpur, watu hulala chali hivyo chini ya miti ya Dryobalanops, ambayo vilele vyake havigusani na huacha mifereji ya anga kati ya mti na mti.

Ukitaka mtu aonyeshe ukubwa wa mti, asimame ameligusa shina. Akisogea mita kumi kuja kwako, yeye anakua na mti unadumaa.

Kwa nini anga linatoka jeupe pe na majani yanatoka meusi?

Kwa sababu tofauti ya mwanga kati ya anga na kivuli cha majani ni kubwa kuliko kamera inavyoweza kubeba. Njia ya haraka ni kulitoa anga kwenye fremu: panda juu kidogo, elekeza kamera chini, au tumia mti mwingine kama pazia la nyuma. Anga likibaki, gusa skrini kwenye majani yenye mwanga, shikilia hadi mpangilio ujifunge, kisha shusha mwangaza kidogo. Kivuli unaweza kukiinua baadaye, lakini anga lililoungua halirudi.

Karibu na ikweta jua hupanda karibu wima, kama nyuzi 15 kwa saa. Kwa hiyo ule mwanga wa chini, wa dhahabu, unaisha ndani ya dakika 40 hivi baada ya macheo, na jioni una muda uleule kabla ya machweo. Fika mapema, ukiwa umeshachagua mahali pa kusimama. Mchana wa jua kali tumia kutazama, kutafuta pembe na kupumzika. Siku ya mawingu, kinyume chake, ni siku ya kazi: msituni mwanga laini ndio unaoonyesha rangi.

Mwenye kamera ya lenzi za kubadilisha abebe filta ya polaraiza. Majani mapana ya nchi za joto yana nta, na mng'ao wake ndio unaofanya kijani kionekane kijivu. Zungusha filta taratibu huku ukitazama jani moja, mng'ao utafutika. Filta hiyo huruhusu robo hadi theluthi tu ya mwanga ipite, hivyo chini ya miti pandisha ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, hadi 1600 bila woga, ushike kasi ya shata ya 1/60 ya sekunde palipo shwari na 1/250 upepo ukivuma. Chembechembe zinazoletwa na ISO kubwa husameheka, majani yaliyotikisika hapana.

Magome nayo hupendeza yakiwa yamelowa. Mkaratusi wa upinde wa mvua, Eucalyptus deglupta, wenye asili ya Ufilipino, Indonesia na Papua New Guinea, huambua gome vipande vipande. Panapoambuka upya ni kijani kibichi, na kadiri siku zinavyopita panageuka buluu, zambarau, rangi ya chungwa na hudhurungi. Upige mara tu mvua ikikatika, mita moja au mbili kutoka shinani, kwa 2x, kamera ikitazamana na gome sawasawa, bila kuonyesha anga wala ardhi.

Nakwenda Morondava, Madagaska, kuona mibuyu. Niende ikiwa na majani au bila?

Bila majani, ikiwa unachotaka ni umbo. Mibuyu ya pale ni Adansonia grandidieri, ambayo haioti kiasili nje ya Madagaska, na kiangazi matawi yake mafupi ya juu hubaki wazi. Ukitaka kivuli cheusi mbele ya anga jekundu, mweke mti kati yako na jua, gusa anga upime mwanga hapo, na usogee hatua mbili tatu hadi mashina yaachane. Mashina mawili yaliyoingiliana huwa bonge moja jeusi. Ukitaka rangi ya shina lenyewe, lipe jua mgongo. Wageni wengi hujazana machweo. Alfajiri kuna nafasi zaidi.

Ushauri huu wa kivuli cheusi unaufaa mbuyu, mkoche wenye matawi mapacha, na mnazi. Mwembe usijaribu, utapata duara tu.

Na ukikutana na mbuyu wa bara la Afrika, Adansonia digitata, wenye vitumba vilivyoiva, rudi jua likizama. Maua yake meupe hufunguka giza likiingia, popo huyatembelea usiku, na kesho yake yanakuwa yamenyauka.

Mikoko ipigwe picha maji yakiwa wapi?

Tazama jedwali la kupwa na kujaa kwa maji kabla hujapanga kitu kingine chochote. Maji yakipwa ndipo mizizi inapoonekana: ile ya mkoko iliyojipinda hewani, na ile ya mchu inayochomoza kwenye tope kama penseli. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hutoka mbali sana na hurudi juu sana. Wakati wa maji mafu, katikati ya vipindi hivyo, tofauti ni ndogo. Ingia kama saa mbili kabla ya maji kufika chini kabisa, ukiyafuata yanavyotoka, na yakianza kugeuka nawe geuka. Kupwa kwa kesho kutachelewa kwa takriban dakika 50.

Ukitaka taswira ya mti majini, fanya kinyume: maji jaa, asubuhi, kabla ya upepo. Usikanyage mizizi ya mchu, ndiyo inayoupa mti hewa. Rashasha za chumvi zikirukia lenzi, zifute kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo, yaani yasiyo ya chumvi. Ukifuta kukavu, punje za chumvi zinakwaruza kioo.

Nikitoka hotelini asubuhi lenzi inajaa ukungu.

Kioo kilicholala kwenye kiyoyozi kinakutana na hewa yenye unyevu. Toka na kamera ikiwa ndani ya begi lililofungwa, uiache humo nusu saa ipate joto. Usiifute, na usibadilishe lenzi wakati huo.

Nauona ule mti maarufu wa Howrah, India, kama msitu tu. Nitaonyeshaje kwamba ni mmoja?

Kutoka nje huwezi. Ni wa jamii ya mkuyu, Ficus benghalensis, ambao mizizi hushuka kutoka matawini na kuwa kama mashina, na shina lake la asili liliondolewa mwaka 1925 baada ya kushambuliwa na kuvu, kwa hiyo hauna kitovu cha kutafuta. Fuata tawi moja la mlalo: lipige kwa ubavu, likionyesha mizizi kadhaa iliyoshuka kutoka kwenye tawi hilohilo hadi ardhini.

Nipige nini ili mtaalamu aweze kunitajia jina la mti?

Umbo zima, gome kwa karibu, kiganja kikiwa kando, kijiti chenye majani, ili ionekane kama yametoka mawili mawili yakitazamana au kwa kupishana, mgongo wa jani, ua au tunda. Tunda la chini lilinganishe kwanza na yaliyo juu, huenda ni la mti jirani. Mzingo wa shina hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini; ugawe kwa 3.14 upate kipenyo.

Usivunje tawi kutafuta utomvu. Miti mingi ya jamii ya mkuyu ina utomvu mweupe unaowasha, na kwenye fukwe za Karibi kuna Hippomane mancinella, mti wenye tunda la kijani linalofanana na tofaa dogo. Tunda lake ni sumu, na maji ya mvua yanayochuruzika kutoka majanini huweza kubabua ngozi. Mvua ikikukuta chini yake, toka, ulowe.