Skrini: huangikwa, huwambwa au huning'inizwa?

Msomaji wa Wete, Pemba, anauliza: "Mwalimu, nimenunua projekta ili tuangalie mpira na filamu sebuleni pamoja na watoto. Kitambaa cheupe cha kuoneshea picha, mwenye duka kaniandikia 'skrini ya upana wa inchi 100'. Kijana wangu anasema kwa Kiswahili ni 'kiwambo', mama yake anakiita 'pazia'. Fundi naye ananiuliza: nikutundikie, nikuning'inizie au nikufungie? Neno lipi sahihi, na fundi nimwambie nini?"

Nyumbani kwako hakuna aliyekosea. Kila mmoja ametaja kitu chake, na hapo ndipo fundi alipokwama.

Skrini ni jina la jumla. Limeshakaa katika Kiswahili, tunalitumia kwa simu, televisheni na kompyuta: skrini hii, skrini hizi. Sioni sababu ya kulikimbia. Tatizo lake ni kwamba halimwambii fundi unataka skrini ya namna gani.

Kiwambo linamwambia. Limetokana na kuwamba, yaani kutandaza kitu juu ya fremu au mzinga na kukikaza mpaka kisibakie na ulegevu. Ngozi ya ngoma huwambwa. Kitanda cha kamba huwambwa. Ngozi nyembamba iliyomo ndani ya sikio tunaiita kiwambo cha sikio kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo skrini iliyokazwa kwenye fremu yake pande zote nne, ikakaa ukutani moja kwa moja, ni kiwambo kwa haki kabisa. Kukazwa huko ndiko faida yake. Kitambaa kikiwa na mikunjo, mwanga wa projekta huiweka wazi yote: mpira unaendelea, na mstari wa katikati ya uwanja unapinda kama nyoka. Kijana wako amechagua neno zuri sana, ila asilitumie kwa kitambaa kilichozongwa ndani ya kasha.

Hicho ndicho mama yake anachokiita pazia, nami namuunga mkono. Skrini inayoteremshwa kutoka kwenye kasha jembamba na kurudishwa juu baada ya kutumika inafanya kazi ya pazia, na ukisema "skrini ya pazia" kila mtu atakuelewa. Kwa sebule inayopokea wageni mchana, hiyo ndiyo inayofaa. Ubaya wake ni kwamba baada ya muda pembeni huanza kujikunja, isipokuwa zile zenye nyuzi za kuivuta kulia na kushoto. Na kwetu visiwani, wakati wa masika, usiizonge ikiwa na unyevu, itafanya koga.

Sasa vitenzi. Kuangika na kutundika vimekaribiana mno, na wengi huvitumia kwa maana moja: kuweka kitu juu, kwenye msumari au kigingi, kama saa, picha au kanzu. Mimi napenda kuangika kwa kitu kinachoegemea ukuta, kwa kuwa ndivyo ninavyoisikia Unguja na Pemba. Tena lina mwenzake wa kinyume, angua, kama vile anika na anua, funika na funua. Ukishaangika unaweza kuangua, na skrini siku moja itahitaji kuanguliwa ili ukuta upigwe rangi. Kuning'iniza ni jambo jingine: kitu kimeshikwa juu tu, chini kinaelea, upepo ukipita kinayumba. Skrini ya pazia mbele ya dirisha inaning'inizwa, na ukiacha dirisha wazi picha itayumba nayo. Kubandika kuache kwa karatasi na gundi.

Projekta yenyewe haiangikwi wala haitundikwi. Inafungwa, kama tunavyofunga feni. Braketi ndiyo inayofungwa darini kwa skrubu, kisha projekta ikapachikwa kwenye braketi, mara nyingi miguu juu, nawe ukaigeuza picha kwenye mpangilio wake. Neno "darini" peke yake halitoshi, na hapa nakusihi uwe makini. Kama nyumba yako ni ya bati yenye silingi bodi, mwambie fundi wazi: "ifunge kwenye mbao ya kenchi". Silingi bodi haibebi mzigo. Mwenye nyumba ya Mji Mkongwe angesema "kwenye boriti", na ukutani angemwonya fundi aende taratibu na keekee, maana kuta za mawe na chokaa hubomoka ndani, tundu likapanuka na skrubu ikalegea.

Picha ikitoka upande mmoja mpana na mwingine mwembamba, usiseme "imeharibika". Sema imekwenda upogo. Fundi ataelewa kwamba projekta haikuelekea skrini sawasawa, achukue pimamaji airekebishe. Kuna kitufe cha kuinyoosha picha kwa umeme, lakini hupunguza ukali wake, kwa hiyo kiwe cha mwisho.

Kosa la kweli katika barua yako ni la mwenye duka. Inchi 100 si upana. Ni mshazari, kutoka pembe ya juu mpaka pembe ya chini ya upande wa pili. Skrini hiyo, kwa umbo la kawaida la 16 kwa 9, ina upana wa sentimita 221 na kimo cha sentimita 125 hivi. Tofauti hii ni ya kulipia: projekta yenye uwiano wa umbali wa 1.5, yaani inayokaa umbali wa mara moja na nusu ya upana wa picha, itahitaji kukaa mita 3.3 kutoka kwenye skrini ya upana huo. Ukichukua inchi 100 kuwa upana, yaani sentimita 254, utaifunga mita 3.8, na picha itavuka kingo na kumwagika ukutani.

Kwa skrini ya pazia, basi, mwambie fundi hivi: "Niangikie skrini ya pazia ukutani, upana wake sentimita 221, uipime kwa pimamaji. Projekta nifungie kwa braketi kwenye mbao ya kenchi, umbali kama ilivyoandikwa kwenye kitabu chake." Ukiamua kununua yenye fremu, badilisha mwanzo tu: "Niwambie kitambaa kwenye fremu kwanza, ndipo uangike."