Klachi ya Land Rover inayokufa kila msimu: usinunue raba kabla hujapima

Wenye Land Rover 110 za miaka ya 1990 huku Mbeya tunaujua ugonjwa huu. Klachi inatengenezwa Mwanjelwa, gari linapanda Matamba kufuata viazi, na msimu haujaisha pedeli imelala sakafuni tena. Barabara ya kutoka Chimala kwenda Matamba ina kona 57, na kila kona inataka gia ndogo, kwa hiyo klachi legelege huumbuka hukohuko mlimani. Ukishuka, fundi anabadilisha raba (vile vimpira vya ndani ya pampu za klachi vinavyozuia mafuta yasipite), anatoa upepo kwenye mafuta, unamlipa, mnaagana. Baada ya muda mnaonana tena kwa jambo lilelile.

Kabla hujatoa hela, tafuta nguvu ya mguu wako inapotelea wapi. Njia yenyewe ni fupi: pedeli inasukuma pampu ya juu, mafuta yanapita kwenye bomba na mpira hadi pampu ya chini, hiyo inasukuma foki (mkono wa chuma ulio kando ya giaboksi), na foki inasogeza beringi inayoachanisha klachi.

Anza na mpira. Ubane kwa koleo lililozungushiwa kitambaa, taratibu usiukate, halafu kanyaga. Pedeli ikiwa ngumu papo hapo na kubaki juu, pampu ya juu ni nzima, tatizo liko chini. Ikiendelea kuzama, raba za pampu ya juu zinapitisha mafuta, au kuna upepo huko juu. Pampu hii inaweza kuharibika bila kuvuja hata tone nje: umesimama kwenye foleni Mafiati, mguu uko chini, gia imeingia, na gari linaanza kujivuta lenyewe. Mpira wenyewe uangalie pia. Ukizeeka hutuna ukikanyaga, na safari ya pedeli inaishia humo.

Raba mpya hazidumu kwa sababu ya kile kinachozizunguka. Ukifungua pampu, pitisha ukucha ndani ya silinda. Ukikwama kwenye vishimo vya kutu, usinunue raba, nunua pampu nzima. Kutu hiyo inatokana na maji, na mafuta ya breki, ambayo ndiyo yanayotumika kwenye klachi hii, hunyonya unyevu wa hewani. Mafuta mapya ya aina ya DOT 4 huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi, ila yakishanyonya maji kiwango hushuka hadi karibu 155. Kwa mvua zetu za Tukuyu na Uyole, chupa iliyofunguliwa mwaka jana ikakaa chini ya kiti haifai. Na fundi akitaka kujazia mafuta ya stelingi au ya injini kwa kuwa ndiyo yaliyopo, mkatalie. Raba zitavimba, na utazibadilisha zote.

Tuje sasa kwenye kesi inayomaliza watu pesa. Pampu zote mpya, hakuna uvujaji, upepo umetolewa mpaka mafuta yanatoka bila povu, pedeli ngumu kama jiwe. Bado gia zinagoma injini ikiwa inawaka, na ukiizima zinaingia laini. Hapo achana kabisa na habari za mafuta. Foki inaegemea kigololi cha chuma, na baada ya miaka ya mizigo kigololi hicho huula mgongo wa foki hadi kuutoboa. Haitoboki siku moja. Inapungua kidogo kidogo, na kila ukifunga pampu mpya unarudishiwa kipande cha safari ya pedeli, gari linakubali kwa muda, unadhani limepona. Ndiyo maana ugonjwa unaonekana wa kujirudia.

Kwenye Land Cruiser pampu ya chini iko nje, unaiona foki ikitembea. Land Rover imeificha foki hiyo ndani ya nyumba ya klachi. Unaweza kufungua bolti mbili za pampu ukamulika kwa tochi, lakini usiivute kwa pupa: fimbo yake imeshikwa kwenye foki kwa klipu ya plastiki, na ikichomoka utaishusha giaboksi kabla hujajipanga.

Maana kubadilisha foki ni kazi ya kushusha giaboksi kubwa pamoja na ile ndogo ya nyuma yake. Ni mzigo wa watu na jeki ya uhakika, si kazi ya kufanyia kwenye matope kando ya barabara. Foki mpya, hata ikiwa halisi, ipeleke kwanza kwa mchomeleaji aiongezee kipande cha chuma mgongoni, pale kigololi kinapokaa. Wakati giaboksi iko chini, weka beringi mpya na ukague diski, kwa sababu gharama ya ufundi ni ileile. Patana bei ya kushusha na kupandisha mapema, na umwambie fundi asiitupe foki ya zamani kwenye vyuma chakavu mpaka uigeuze mwenyewe na kuuona mgongo wake.