Je, matusi ya Duterte yalikuwa hasira tu?

SWALI: Shikamoo Daktari. Ninaandika tasnifu ya shahada ya kwanza kuhusu hotuba za Rodrigo Duterte, aliyekuwa rais wa Ufilipino. Nimehesabu matusi yake na kauli za kuwadhalilisha wanawake. Mtaalamu mmoja wa lugha ya mwili YouTube anasema yule ni dume la hasira lisiloweza kujizuia. Nianzie hapo?

JIBU: Marahaba. Usianzie hapo. Kila muhula naletewa kazi inayoanza hivyo, na zote hukwama mahali pamoja.

Asiyeweza kujizuia humtukana yeyote aliye mbele yake. Duterte alichagua. Septemba 2016 alimtukana Barack Obama, hata mkutano wao wa Laos ukafutwa. Aprili 2018 alitangaza kwamba anampenda Xi Jinping, rais wa China. Na China ndiyo aliyoapa kuikabili katika kampeni za 2016: angepanda pikipiki ya majini akachomeke bendera kwenye visiwa vinavyogombaniwa. Alipokumbushwa Mei 2021, alisema ulikuwa utani wa kampeni, na aliyeuamini ni mjinga.

Sasa mtazame Seneta Leila de Lima. Agosti 2016, akiwa mwenyekiti wa kamati ya haki ya Seneti, alifungua uchunguzi wa mauaji katika vita dhidi ya dawa za kulevya. Duterte aliacha suala la maiti akamtuhumu hadharani kuwa na uhusiano wa kimapenzi na dereva wake. Watu wakaanza kujadili chumba cha kulala cha seneta. Septemba akavuliwa uenyekiti, Februari 2017 akakamatwa, akawekwa kizuizini hadi Novemba 2023. Waliouawa katika operesheni hizo, kwa hesabu ya serikali yenyewe, walipita 6,000.

Kwa hiyo hesabu ya matusi peke yake haikufikishi popote. Kwa kila kauli, andika ilimlenga nani, hadhira ilikuwa ipi, na siku hiyo alikuwa anadaiwa jibu gani. Tumia hotuba nzima, siyo vipande vya video.

Hao wa lugha ya mwili wananikera kweli. Wanapima mabega na namna ya kushikana mikono, kisha wanamtangaza mtu kuwa dume halisi au mwoga aliyejificha. Vyovyote watakavyoamua, wamekubali kwamba uanaume wake ndio mjadala, na hilo ndilo alilolitaka. Novemba 2020, Brazil ikiwa imepoteza watu zaidi ya 160,000 kwa korona, Jair Bolsonaro, rais wa nchi hiyo wakati huo, aliwaambia wananchi waache kuwa nchi ya waoga, kwa neno la kuwadhihaki mashoga. Ukishabishana kama yeye ni jasiri, huulizi tena habari za vitanda vya wagonjwa na chanjo.

Ukikutana na video nyingine ya namna hiyo, angalia kama inataja hata swali moja ambalo kiongozi huyo alikwepa kulijibu. Nilizozitazama mimi hazitaji.